Naombeni ushauri, tunataka kuchangisha damu Juni watu wasitukimbie tena

Habari za saa hizi wakuu. Mi ni katibu wa kaklabu ketu ka kujitolea hapa Morogoro, huwa tunafanya usafi sokoni, kupanda miti, vitu kama hivyo. Sasa tarehe 14 Juni ni siku ya wachangia damu duniani na tunataka tuandae zoezi, watu wa damu salama wanakuja na vitanda vyao na vipimo, sisi kazi yetu ni kuleta watu tu.

Shida ndo hapo kwenye watu. Mwaka jana kwenye grupu la watsap walijiandikisha 60, siku yenyewe wakatokea 14, na kati ya hao kuna waliorudishwa maana hawajafika kilo 50 na wengine walikuja hawajala kitu toka asubuhi. Dada mmoja alikuwa amechangia miezi miwili tu nyuma, wakati mwanamke anatakiwa akae miezi minne (mwanaume mitatu). Tulibaki na makreti ya soda tukayanywa wenyewe, aibu.

Na Juni sekondari zinafunga, wakati wanafunzi ndo wachangiaji wenyewe.

Sasa tuweke hema stendi, au tuongee na mashehe na wachungaji watangaze wiki moja kabla? Na yule anayesema "damu yenyewe mnaenda kuuza" mnamjibuje bila kugombana? Wenzangu wanataka hela yote iende kwenye tisheti, mi naona tukodi spika tupite mitaani. Waliowahi kufanya hii kitu nisaidieni.