Naomba ushauri: kuwafundisha maafisa mifugo uchunguzi wa magonjwa ya kuku

Habari wakuu. Mimi ni daktari wa mifugo, ngazi ya wilaya. Nataka kuandaa mafunzo ya maafisa mifugo wa kata, maana kinachoendelea kinaniumiza. Kuku wakianza kufa, mfugaji anaambiwa ni mdondo (Newcastle), anaandikiwa antibayotiki, basi. Mdondo ni virusi, dawa hiyo haiutibu!

Juzi nilimkuta kijana anapasua mzoga wa tangu jana yake, utumbo umeshageuka kijani kwa kuoza. Alikuwa na bidii kweli, ila pale hakuna cha kusoma. Na hata mzoga ukiwa mbichi, zile alama za damu kwenye tumbo lililo juu ya firigisi unaweza kuziona kwenye mdondo na kwenye mafua makali ya ndege pia. Lazima sampuli ziende maabara zikiwa za baridi, zisigandishwe hovyo, na maelezo yawepo: umri wa kuku, chanjo walizopata, nani alikufa kwanza, wageni gani waliingia bandani. Hayo maswali ndiyo wengi hawaulizi kabisa.

Waliosoma SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) au waliopitia ISAVET, yale mafunzo kazini ya kufuatilia magonjwa ya mifugo ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), nisaidieni: nianze na kupasua au na kuhoji mfugaji? Na kwa mizoga ya mazoezi mnailindaje afya ya wanafunzi bila vifaa vya gharama? Mwenye fomu nzuri ya uchunguzi wa shambani, ya Kiswahili, naiomba sana.