Bei ya petroli imetulemea: nini kinaweza kushuka, na nini tunaweza kushusha sisi wenyewe?

Katibu wa Njoro

Wakuu, hamjambo. Chama chetu kina Probox 20 zinazobeba abiria Nakuru, Njoro na Molo, na wanachama wengine wana bodaboda za kabureta. Kila tarehe 14 jioni EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ikitangaza bei mpya, kikao kinageuka lawama tupu. Naomba majibu yenye hesabu.

Katika bei ya lita moja, ni sehemu gani inayoweza kushushwa, na mwenye uwezo huo ni nani? Je, tukinunua kwa pamoja tutapata nafuu, au tufuate wanaosema tulete madumu kutoka mpakani Busia tuweke akiba? Halafu kuna hili la magari yenyewe: moja linakwenda kilomita 15 kwa lita, jingine 10, na barabara ni ile ile. Kuna pia wanaosisitiza kujaza alfajiri na kuteremka kwa nyutro. Lipi ni kweli?

Mpiga Hesabu

Ndugu Katibu, tuichambue lita yenyewe. Kenya haisafishi mafuta ghafi tangu mtambo wa Changamwe usimame mwaka 2013. Petroli inaingia Mombasa ikiwa tayari, inalipiwa kwa dola, kisha inasukumwa kwa bomba hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu. Kwa hiyo bei ya dunia na bei ya dola hamna la kuzifanya. Oktoba 2023 petroli ilifika shilingi 217.36 Nairobi, wakati shilingi yetu ilikuwa ikididimia. Mwaka uliofuata dola ilirudi karibu 129 na bei ya mafuta ikateremka nayo. Kumbukeni pia kwamba bei ya pampu inakokotolewa kwa shehena zilizokwisha kutua, ndiyo maana redio ikisema mafuta yameshuka duniani, nyinyi mnangoja mwezi au zaidi.

Linaloamuliwa hapa kwetu ni kodi. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa mafuta ilianza kwa asilimia 8 Septemba 2018, ikapandishwa hadi 16 Julai 2023. Tozo ya kukarabati barabara ilitoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Ushuru wa bidhaa kwa petroli umekuwa karibu shilingi 22. Tozo ya maendeleo ya petroli ilikuwa senti 40, ikawa shilingi 5.40 mwaka 2020, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuweka akiba ya kutuliza bei inapopanda.

Chukueni bei ya shilingi 180 yenye VAT ya asilimia 16. Ndani yake VAT ni kama shilingi 24.80, na inatozwa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru na tozo ndani yake, yaani kodi juu ya kodi. Ikirudi asilimia 8, lita inakuwa kama 167.60. Hapo ndipo mimi ningeweka nguvu. Tozo ya barabara singeigusa kwanza, kwa sababu barabara mbovu ya Njoro itawarudishia gharama hiyo kwa matairi, shoki na petroli inayoliwa kwenye gia ya kwanza.

Mlango wa VAT na ushuru ni Mswada wa Fedha. Sharti ufike Bungeni kabla ya Aprili kuisha, na Kamati ya Fedha hupokea maoni ya maandishi mwezi Mei. Msiende na malalamiko ya jumla. Andikeni ukurasa mmoja: kifungu gani, kinasemaje sasa, mnataka kisomeke vipi, na hesabu ya athari kwa nauli ya Nakuru hadi Molo. Tozo ya barabara hubadilishwa kwa kanuni za waziri, haingoji Mswada, kwa hiyo ina kikao chake cha maoni na tangazo lake gazetini. Wengi hulikosa kwa sababu wanaangalia Bunge peke yake.

Lita Ishirini

Kwenye ununuzi kuna jambo ambalo watu hulisahau: bei ya EPRA ni ya juu kabisa. Kituo hakiruhusiwi kuipita, lakini kuuza chini yake ni ruhusa. Probox 20, kila moja lita 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hizo ni lita 6,240. Mteja wa namna hiyo anapiganiwa. Nendeni kwenye vituo vitatu visivyo vya kampuni kubwa, ulizeni punguzo la shilingi ngapi kwa lita mkijaza hapo tu. Shilingi mbili zinatosha kuwabakishia 12,480 kwa mwezi. Punguzo liandikwe, lihesabiwe kwa kila namba ya gari, na mlipe kila juma. Msiombe mkopo wa siku 30 na punguzo kwa pamoja, maana pesa ya mwenye kituo imelala kwenye mafuta na atawapa kimoja tu kati ya hivyo viwili.

Kabla ya kukubaliana, ombeni pampu ipimwe mbele yenu. Kituo huwa na chombo cha chuma cha lita 20 chenye shingo nyembamba ya kioo na mistari. Kwanza kiloweshwe ndani na kumwagwa, kisimamishwe mahali pasawa, kisha kijazwe hadi pampu isome 20.00. Mafuta yanapaswa kusimama kwenye mstari. Yakiwa chini waziwazi, ondokeni na mwarifu Idara ya Mizani na Vipimo. Punguzo la shilingi mbili halina maana ikiwa kila lita 20 zinapungua nusu lita. Kwa bei ya 180 hiyo ni hasara ya shilingi 90 kwa lita 20, na punguzo lilikuwa 40.

Madumu ya Busia yaacheni kabisa. Mafuta ya njia za panya hayana wa kumlalamikia yakiwa na mafuta taa ndani, na sindano za injini, zile zinazonyunyizia petroli, zikiharibika bili ni yenu. Petroli ndani ya plastiki, kwenye chumba chenye jiko au simu inayochajiwa, ni moto unaosubiri. Watu wa Nakuru hawahitaji kukumbushwa moto wa lori la mafuta Sachangwan, Januari 2009, ulioua zaidi ya watu mia moja.

Kujaza alfajiri hakusaidii. Petroli hutanuka kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, lakini tangi la kituo liko chini ya ardhi na joto lake halibadiliki kati ya asubuhi na mchana. Saa inayohesabika ni ile ya usiku wa tarehe 14, bei inapobadilika. Shehena za mwezi uliopita zikiwa zilinunuliwa ghali, jazeni jioni hiyo. Dalili zikiwa za kushuka, wekeni mafuta ya kufikia asubuhi tu.

Fundi wa Kondele

Mwalimu wa hesabu kashusha shilingi 12 kwa VAT. Sasa nitazame gari. Kwa shilingi 180, gari la kilomita 15 kwa lita linatumia shilingi 12 kwa kilomita. La kilomita 10 linatumia 18. Tofauti ni shilingi 6 kila kilomita. VAT ikishuka, hilo gari la pili litaokoa shilingi 1.24 tu. Likikimbia kilomita 200 kwa siku, ubovu wake unakula shilingi 1,200. Kaombeni kodi ishuke, ni haki yenu, ila hilo gari liingie gereji wiki hii.

Kwanza hakikisheni kipimo. Pampu ile ile, jaza hadi ikate mara ya kwanza, usiongeze. Andika kilomita. Endesha si chini ya kilomita 300, jaza tena vivyo hivyo, gawanya. Geji ya dashibodi si kipimo.

Kwa Probox yenye injini ya 1NZ, mshukiwa wangu wa kwanza ni themostati iliyotolewa, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Mafundi wengi wanaing'oa gari likichemsha. Bila themostati maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haifiki joto lake, na kompyuta inaendelea kumwaga petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta, tembea dakika 15 barabara kuu. Joto la maji likae kati ya nyuzi 85 na 95. Likicheza kwenye 65 au 70, themostati haipo au imekwama wazi.

Ukirudisha themostati bila kutibu chanzo, gari litachemsha tena na utalaumiwa wewe. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na hapo maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 94. Kinachozuia yasichemke ni shinikizo linaloshikwa na kifuniko cha rejeta. Mpira wa kifuniko ukikatika, injini nzima yenye afya itatoa mvuke. Badilisha kifuniko, safisha rejeta, weka kulanti nusu kwa nusu na maji safi, toa hewa yote kwenye mfumo ndipo ufunge.

Pili, sensa ya oksijeni ya mbele. Soma marekebisho ya muda mrefu ya mafuta kwenye mashine, yaani kiasi cha petroli ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza: yakiwa ndani ya asilimia 5, juu au chini, iacheni. Yakipita 10 tafuta hewa inayovuja kwenye mpira wa kuingiza hewa na usafishe sensa ya hewa kwa dawa yake kabla ya kununua sensa mpya. Tatu, breki zinazoshika. Inua gari, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Linalosimama mara moja lina pistoni iliyokwama au handibreki iliyokazwa mno.

Upepo wa matairi fuateni kibandiko cha mlangoni, upimwe matairi yakiwa baridi. Faida yake kwa mafuta ni ndogo, kama asilimia 1 au 2, lakini tairi linadumu. Chujio la hewa chafu kwenye injini ya sindano hupunguza nguvu kuliko linavyoongeza ulaji, kwa hiyo msitarajie miujiza hapo. Keria tupu ya juu iondolewe.

Nyutro mteremkoni ni hasara na hatari. Ukiachia pedeli ya mafuta ukiwa ndani ya gia, kompyuta inafunga sindano kabisa. Kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizime. Na anayeujua mteremko wa Salgaa na ajali zake anajua breki zilizochemka zinafanya nini.

Katibu wa Njoro

Asante sana, Fundi. Magari saba hayana themostati, nimethibitisha kwa simu sasa hivi. Na za kabureta je? Pikipiki zinatoa moshi mweusi na vijana wanasema ni kawaida ya huku juu.

Kabureta Tu

Si kawaida, ila sababu yake ni kweli mwinuko. Hewa ya huko ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa nchi ya chini inatoa petroli ileile, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito. Anza na chujio la hewa, kwa sababu kwenye kabureta uchafu wake huongeza ulaji moja kwa moja. Kisha hakikisha choki inarudi mwisho.

Fungua plagi baada ya mwendo mrefu, zima injini bila kuiacha ikinguruma imesimama. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni sawa. Nyeusi ya masizi: pandisha klipu ya sindano ya kabureta nafasi moja ili sindano ishuke, jaribu tena. Bado nyeusi, weka jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli) iliyo ndogo kwa namba moja. Ikiwa nyeupe umepita, rudisha mara moja, kwa sababu pistoni itatoboka. Pikipiki ikihamia Kisumu, ambako ni chini kuliko Nakuru kwa karibu mita 700, ikaguliwe upya.

Wanaofikiria za umeme: pikipiki ya petroli inakula lita 2 hadi 2.5 kwa kilomita 100, yaani shilingi 360 hadi 450. Ya umeme inahitaji kama uniti 4. Ukichaji nyumbani kwa shilingi 30 kwa uniti ni 120. Ukibadilisha betri kituoni utalipa zaidi, maana unalipia na betri yenyewe. Kabla ya kutia sahihi, uliza kituo cha mwisho cha kubadilisha betri kiko wapi upande wa Molo.