Bosi amenikata kwenye mafunzo kwa KALAMU YANGU MWENYEWE

Wakuu, nipo kwenye kifodi cha Ngaramtoni, tumekwama Mianzini, mikono bado ina grisi. Nisipoandika sasa hivi nitapasuka.

Yule jamaa mnamjua, simtaji. Wote mnaogusa magari ya watalii hapa Arusha mnamjua, yule mwenye kofia ya kaki anayeivaa hadi msibani.

Majina ya mafunzo yalibandikwa mlango wa stoo tangu Ijumaa. Siku 5, mkufunzi anatoka Nairobi na mashine yake ya kupimia injini za komonreli, zile dizeli za kisasa za kompyuta. Jina langu namba 2. Nikampigia mama Marangu kumwambia. Nikanunua kaunta buku jipya. Leo kwenye paredi ya asubuhi bosi akasimama mbele ya ile karatasi, akanigeukia: "Nipe kalamu." Nikampa, najua anataka kusaini. Akalikata jina langu mistari miwili, pembeni akaandika: "Abaki. Gari nani atatengeneza?" Kalamu akaitia mfukoni, huyoo akaenda kunywa chai.

KALAMU YANGU WAKUU. Nimemkabidhi kisu mimi mwenyewe, kwa mikono miwili, na "shikamoo bosi" juu.

Miaka 9 nalala chini ya Land Cruiser za huyu mtu. Springi zote zinazovunjikia kwenye rasta, yale makunyanzi ya barabara za vumbi za Serengeti, nazifunga mimi. Injini za zamani, zile 1HZ, sihitaji kompyuta: nalegeza nati ya bomba linalopeleka dizeli kwenye noozi injini ikiwa inanguruma, nasikiliza, najua silinda ipi haifanyi kazi. Ukijaribu hivyo kwenye komonreli mafuta yanakutoboa mkono, presha yake si ya mchezo. Mwezi wa pili Land Cruiser V8, hiyo ni komonreli, ilizima Ndutu na wageni 6, nikatolewa kitandani saa 8 usiku. Nimefika, taa ya injini inawaka, mashine ya kusoma tatizo sina, kuitumia sijafundishwa. Tumeivuta kwa kamba kama ng'ombe aliyekufa. Na nani alifokewa mbele ya wageni? Mimi!

Halafu sasa hivi ni masika. Magari yote yamelala, wageni hakuna. Gari gani hiyo nibaki kutengeneza?

Nafasi yangu kapewa shemeji yake anayeshika risiti za mafuta. Yule ukimwambia lete spana namba 14 anakuletea spana kumi na nne.

Nirudie: alisema "nipe kalamu". Watu 20 wanaangalia. Nikampa.

Mzee wa Sakina: Nimewahi siti ya mbele. Hahaha, spana kumi na nne!! Mkuu, kinachokuuma ni mafunzo au kalamu?

fundi_dizeli: VYOTE. Usinichokoze leo.

BintiKijenge: Pole sana kaka. Hawa watu ni punda afe mzigo ufike. Ukijua kazi unakuwa mfungwa wa kazi. Mimi mapokezi mwaka wa 6, semina zote anaenda mtoto wa mwenye hoteli, akirudi ananiuliza "dada, walisema nini kwenye ile karatasi?" Karatasi aliyopewa yeye!

Mzee wa Sakina: Chalii wangu, kesho nenda kamwombe kalamu yako kwa barua rasmi, nakala kwa mkuu wa mkoa.

Karani Mstaafu: Vijana punguzeni kelele, daini haki yenu mkijua hesabu. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Haikatwi kwenye mshahara wako, anatoa yeye, na sehemu yake inaendesha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Na wewe fundi, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini. Wanakupima kwa vitendo, ukifaulu unapata cheti chako. Hicho hakikatwi na kalamu ya mtu.

fundi_dizeli: Asante mzee wangu, hilo nitalifuatilia. Lakini cheti hakinipi ile mashine, na mkufunzi anakuja Jumatatu. Mtu anakuomba kalamu, unampa kwa heshima, anakukata nayo. Hivi huo ni ubinadamu?

Mtoto wa Majengo Moshi: Nyie afadhali. Huku kwetu Moshi tumesainishwa mkataba: ukipelekwa mafunzo huondoki miaka 2, ukiondoka unalipa gharama zote. Mafunzo yenyewe yalikuwa nusu siku, jinsi ya kushika kizimamoto. Nimefungwa miaka 2 kwa ajili ya mtungi mwekundu.

BintiKijenge: Jamani mtungi!! Nimecheka hadi mteja kaniangalia.

SodaMoja: Mnalalamika hamjapelekwa. Sisi tumepelekwa, siku 3, posho hakuna, chakula cha mchana soda moja na andazi. Mkufunzi amesoma maandishi ya projekta ukutani mwanzo hadi mwisho, na taa wamezima. Nimelala usingizi wa mtoto mchanga.

Mzee wa Sakina: Andazi la pembe tatu au la duara?

SodaMoja: Duara. La juzi.

Mtoto wa Majengo Moshi: Posho ya semina isipokuwepo mimi siendi. Nauli ya kutoka Moshi hadi Arusha nani ananirudishia?

fundi_dizeli: Wakuu turudi kwenye mada. Nimefika nyumbani, kaunta buku liko mezani, mtoto ananiuliza "baba, shule unaanza lini?" Nimjibu nini?

Mzee wa Sakina: Mkuu vuta subira, bado tuko kwenye posho.

SodaMoja: Ile ya serikali ndio posho, sekta binafsi ni andazi tu.

BintiKijenge: Sio wote. Kuna kampuni moja ya kahawa walilala hotelini siku 2, hadi mabegi walipewa.

Mtoto wa Majengo Moshi: Mabegi? Kampuni gani hiyo, wanaajiri?