Naomba ushauri: timu inayojengwa upya iwaachie lini nyota wake?

Habari za humu wadau. Naishi Chicago, na hoki ya barafu imeniteka tangu shemeji anipeleke uwanjani. Huku mchezaji hauzwi kwa pesa kama kwenye soka. Anabadilishwa na wachezaji wengine, au na nafasi za kuchagua chipukizi.

Sasa Blackhawks, timu ya hapa Chicago inayojengwa upya, wananichanganya. Julai 2022 walimpeleka Alex DeBrincat Ottawa akiwa na miaka 24, katoka kufunga mabao 41. Wakapata nafasi ya 7 ya kuchagua chipukizi, na nyingine mbili. Nilinuna wiki nzima! Nyota mkongwe Patrick Kane wakakaa naye hadi Februari 2023, miaka 34, mkataba ukingoni, tena una kipengele cha kukataa timu asiyoitaka. Alitaka New York Rangers tu, basi akaenda kwa bei ya kutupa.

Shemeji anasema DeBrincat ndiye aliyetolewa kwa wakati. Mimi naona kijana wa miaka 24 angeweza kucheza na Connor Bedard, chipukizi waliyemchagua 2023.

Mnaoujua mchezo huu, mnaangalia nini: umri, au miaka iliyobaki kwenye mkataba? Na Bedard akifika 25 timu bado inayumba, naye aondoke?