Rosa alikosa nini hadi afe? Tujadili wanawake wa riwaya zetu

Mjukuu wa Ziwani: Nimerudia Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Shuleni mwalimu alituambia ni onyo kwa wasichana. Jamani, baba mlevi anampiga binti kwa barua ya mvulana, halafu anayejiua ni binti. Mwandishi mwanamume akimchoka msichana "aliyeharibika", dawa ni kumzika tu?

Chumvi Nyingi: Umesoma au umesimuliwa? Kitabu kinamsuta Zakaria, huyo baba, tangu mwanzo, ndiyo maana wakubwa walikipiga marufuku mashuleni. Na kama tatizo ni wanaume, Mwana Kupona wa Pate alikuwa nani? Mwaka 1858 hivi, mwanamke kwa mkono wake, katika utenzi wake, anamwambia bintiye radhi ya mume ni ya lazima. Wanawake wa bara mngefunzwa ule utenzi, ndoa zingedumu.

Binti Sengerema: Wa bara tumekukosea nini wewe? Eti utenzi unasema mume akilala nimpepee! Kwetu kuna feni.

Chumvi Nyingi: Na umeme ukikatika?

Binti Sengerema: Atoke nje kwenye upepo kama sisi wengine. Ana miguu.

Fundi Baraka: 😂😂 Dada, akija mbu?

Bi Shungi: Wanangu, mnamtaja marehemu Mwana Kupona kama jirani yenu wa uani. Alikuwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, yule aliyepigana na Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, miaka na miaka. Bintiye Mwana Hashima anabaki bila mama. Sasa msome vizuri: anasema mume atunzwe kama mtoto asiyejua kusema. Hapo mwenye akili ya nyumba ni nani?

Chumvi Nyingi: Shangazi, heshima yako, lakini hiyo ni lugha ya mapenzi. Usitugeuze watoto.

Binti Sengerema: Imemuuma! Pole baba, njoo ubembelezwe.

Fundi Baraka: Mie nikiumwa mafua tu nataka uji kitandani, siwezi kubisha.

Mjukuu wa Ziwani: Bi Shungi, nakubali kuna ujanja mle. Ila mtoto huyo ndiye anayeshika radhi, na bila radhi yake pepo huipati. Ujanja wa asiye na mlango mwingine tuuite uhuru?

Bi Shungi: Sikusema uhuru. Nimesema hakuwa mjinga.

Mwana wa Jukwaa: Someni tamthilia ya Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982). Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo yao, wanaishia kuzozana. Kaandika mwanamke hiyo.

Chumvi Nyingi: Asante! Wenyewe hawapendani.

Mwana wa Jukwaa: Kaka, sikuwa upande wako. Wanaume wa Patata nao wamo mle, waangalie wanafanya nini wakati nguzo iko chini.

Chumvi Nyingi: Nitaangalia. Lakini suala la kupepea bado hamjalijibu.

Binti Sengerema: Nunua sola.