Pasta wetu anaogopa kutangaza mfungo tangu Shakahola, tufanyeje?

MwanaMuyeye:
Habari zenu wadau. Mi ndo naweka hesabu za kanisa moja dogo la kipentekoste hapa Malindi, la mabati, siku ikiwa nzuri tunafika watu sitini. Zamani kila Januari tulikuwa na mfungo wa siku tatu, watu wanakuja jioni wanaomba halafu tunafungua kwa uji na mahamri basi, hakuna makuu. Tangu ile Aprili 2023 miili ya wale waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ianze kufukuliwa msituni Shakahola, pasta hajawahi kulitaja neno mfungo pale mbele. Juzi kina mama wakamwambia pasta tufunge bwana, akanyamaza, Jumapili tukakuta ameandika kwa ubao WIKI YA MAOMBI na chini yake, chaki ile ile, "chai itakuwepo". Watu wakacheka. Mi sikucheka, maana nilimuona akiandika na mkono ulikuwa unatetemeka.

Na sio uoga wa bure, binti yangu alisimamishwa njiani na sare yake ya kwaya akaulizwa nyinyi wa kule huwa mnalishwa? Mwenye ploti naye ameanza maneno. Sadaka zimeshuka, pasta siku za wiki anapiga boda ndo watoto wale. Tumsaidieje?

PastaMagarini:
Bwana asifiwe ndugu. Huyo ni mwenzangu kabisa, sisi wa huku tulizika watu tuliowajua. Mimi nilikaa mwaka mzima bila kutangaza, halafu nikaona nikinyamaza ni kama nakubali kwamba kufunga ni kwa Mackenzie, yule mhubiri wa Shakahola. Siku hizi naandika kwa karatasi: mfungo ni kutoka asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, maji mtu anakunywa, watoto hawamo, wajawazito hawamo, wenye sukari na wanaomeza dawa hawamo. Nakala moja kwa chifu, nyingine kwa mzee wa nyumba kumi. Chifu mara ya kwanza alinitazama kama mwizi, sasa ananiuliza mwaka huu lini.

Mzee_wa_Parishi:
Mi ni wa ACK, kanisa la Anglikana. Kuna watu wanasema ati shida ni mapasta wasiosoma, Mackenzie si alikuwa dereva wa teksi hapa hapa Malindi. Kuwa dereva si dhambi, hata Paulo alishona mahema. Shida ni kwamba hakuna aliyeweza kumwita akamuuliza, pasta hebu tueleze hili fundisho umelitoa wapi. Kwetu kasisi akiteleza kuna askofu na kuna sinodi. Huyo wenu anamjibu nani?

kijana_wa_Maweni:
Mzee na heshima zangu lakini hiyo sinodi nayo tuiache kidogo 😂 Askofu mkuu wenu Sapit alikataza wanasiasa kuongea kanisani tangu 2021, na bado nimekaa ibadani nikaona mheshimiwa anapewa maiki na bahasha inapokelewa kwa vigelegele (sisemi kanisa gani). Vijana tulitoka kwa hayo zaidi ya Shakahola. Pasta anayepiga boda angalau najua pesa yake imetoka wapi.

Mzee_wa_Parishi:
Hapo umenishika mwanangu, siwezi kukataa. Ila swali langu bado liko pale pale. Ripoti ya jopokazi la Mchungaji Mutava Musyimi kuhusu sheria za kusimamia makanisa rais alikabidhiwa Julai 2024 na wengi waliipinga wakisema serikali inataka kutawala kanisa. Sawa, basi tujitawale wenyewe. Mapasta watano sita wa mtaa mmoja wakae pamoja kila mwezi, waulizane maswali magumu. Hiyo haihitaji sheria.

BintLangoni:
Mimi ni Muislamu niko Lamu, nimepita tu. Siye twafunga mwezi mzima na hapana atushukuye, kwa sababu kila mtu ajua magharibi ikiadhiniwa twala. Na jirani asiyefunga humpelekea sahani. Nanyi fungeni kwa saa ijulikanayo na jioni mwiteni huyo jirani aulizaye kama mwalishwa, mpeni hamri aone. Mwenye ploti pia mwiteni.

MwanaMuyeye:
Asanteni sana, dada wa Lamu ubarikiwe. Nimemsomea pasta zote tukiwa stejini akisubiri abiria. Ile ya chifu ameikubali, ya kukutana na mapasta wengine amesema wawili hawasalimiani lakini atajaribu. Mfungo ni Jumatano hadi Ijumaa. Ila amesema kwa ubao niandike mimi.