Mrejesho: Changuu kwa siku moja pamoja na mama

Niliuliza kama mama yangu, anayesumbuliwa na magoti, angeweza kwenda kisiwa cha Changuu, Zanzibar, na kurejea Mji Mkongwe siku hiyohiyo. Tumekwenda, na nawashukuru kwa dhati mlionisisitiza nimuulize nahodha habari za maji kabla ya kupatana nauli, kwa kuwa yakitoka mashua haisogei karibu na ufuo, na mama asingeweza kutembea majini. Tuliondoka saa mbili asubuhi, maji yakijaa. Mama alikaa muda mrefu na kobe wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, akiwalisha majani kwa furaha ambayo sijaiona kwake siku nyingi. Gereza la kisiwani humo, lililogeuzwa karantini, yaani mahali pa kuwatenga wagonjwa, tulilipitia haraka. Adhuhuri tulikuwa tumerudi.